Kagua Mzani Kwanza

1.

MAELEZO KWA MGONJWA ANAYEFANYIWA UPASUAJI WA TEZI YA SHINGO

Mgonjwa asomewe maelezo haya kwa lugha anayoielewa. Hatari zinazoweza kutokea ni pamoja na:

(a) kuvuja damu;
(b) maambukizi kwenye kidonda;
(c) sauti kubadilika, kukwaruza au kupotea, kwa muda au moja kwa moja;
(d) kupungua kwa madini ya chokaa mwilini.

Jina la mgonjwa: Tusekile Mwambungu.
Kazi: mkulima.
Mgonjwa ameelewa: NDIYO / HAPANA. (Kata isiyohusika.)

2. Asajile

Fomu haina mahali pa kuandika kwamba mgonjwa anaongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu. Nilimwuliza karani kama tunaweza kuongeza. Akasema kazi huandikwa moja.

Mimi ni mume wake. Kazi yangu, moja, ni ukaguzi wa mizani. Nazunguka minada na maghala ya viazi ya Tukuyu na Kiwira kuangalia kama kilo ni kilo. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa chuoni ni hii: mzigo ukitoa uzito usioeleweka, usiulaumu mzigo. Kagua mzani kwanza.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Tezi ipo hapa, ina mabawa kama kipepeo. Nyuma yake inapita neva inayoendesha sauti, nyembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

— Mnajuaje ilipo?

— Tunaitafuta. Tukiiona hatuikati.

— Na msipoiona?

— Tunaendelea kuitafuta.

Nilimshukuru. Lilikuwa jibu sahihi. Nilipofika nyumbani niliona kifungo cha shati langu kimelegea, kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nikalivua shati, nikaliweka mahali ambapo sitaliona.

3. Kwako unayesoma

Weka vidole viwili kooni. Sema *u*. Usiimbe, sema tu.

Hicho kilichotetemeka chini ya vidole ndicho kinachozungumziwa hapa.

Sasa sema *u* bila kutetemesha kitu.

Imebaki hewa. Ikumbuke tofauti hiyo.

4. Jikoni, siku tuliyorudi kutoka kwa daktari

— Kwa hiyo unataka kunirekodi.

— Ndiyo.

— Kabla sijakatwa.

— Kabla ya upasuaji, ndiyo.

— Baba Lugano, huo ni uchuro. Unanikalia matanga huku mimi nakumenyea ndizi.

Hakuwa amekasirika. Aliendelea kumenya. Kila alipomeza mate, uvimbe ulipanda na kushuka shingoni, nami nilijikuta nautazama kama ninavyoutazama mshale wa mzani ukitafuta mahali pa kutulia.

— Sirekodi kwa sababu itapotea, nikasema. Narekodi ili iwepo.

— Tofauti yake nini?

Nikamwambia itakuwa studio ya kwaya nzima. Stoo ya viazi haina kitu hadi mavuno. Tukiwa na vyombo vyetu hatutalazimika tena kwenda Mbeya mjini kuimba mbele ya kijana anayetafuna bigijii.

— Basi iwe ya kwaya, akasema. Mimi niwe wa kujaribia tu.

Nikavaa koti. Nilikuwa mlangoni aliponiita.

— Umezima pasi?

Huniuliza hivyo kila mmoja wetu anapotoka, hata kwenye simu, tangu siku mkono wa shati langu la kazi ulipoungua. Katika nyumba yetu hiyo ndiyo kwaheri.

5. Duka la vyombo vya muziki, Mbeya mjini. Mwenye duka anaitwa Sanga

— Kaka, studio ya nini? Bongo Fleva, singeli, injili?

— Ya mtu mmoja anayeimba.

— Mtu mmoja halipi studio.

— Hatalipa.

— Aa. Kumbe ni shemeji.

Akaweka maiki mbili juu ya kaunta.

— Hii ni dainamiki. Unaweza kuigongea msumari na jioni ukahubiria sokoni. Inasikia kilicho mbele ya mdomo wake, basi. Hii nyingine ni kondensa. Hii, kaka, inasikia hata unachowaza.

— Mawazo hayana mawimbi ya sauti.

— Ndiyo maana nikakuambia. Hii inayasikia.

Nikauliza kama inavumilia unyevu wa Tukuyu. Nikauliza kama ina cheti cha kipimo. Akanitazama kama wanavyonitazama wanunuzi wa viazi.

— Inakuja na kimfuko chake, akasema.

Nilichukua zote mbili, ila niliyoichagua ni kondensa. Nieleze sababu, maana yote yaliyofuata yalitokana nayo: dainamiki husamehe. Sikutaka kifaa kinachosamehe.

6. Vilivyopanda gari kurudi Tukuyu

Maiki ya kondensa, kwa ajili yake.

Maiki ya dainamiki, ya akiba.

Kadi ya sauti yenye njia mbili. Hii hugeuza sauti kuwa namba, na hupeleka umeme kwenye kondensa kupitia kebo ileile inayorudisha sauti. Sanga alinionya nisiusahau umeme huo. Bila huo kondensa ni bubu, na watu humrudishia wakidhani ni mbovu.

Kebo. Stendi. Hedifoni za kufunika sikio zima.

Spika za kusikilizia sikununua. Sanga alisikitika. Nilimwambia kwamba spika hucheza chumba pamoja na wimbo, na chumba changu bado sikijui.

Kichujio cha pumzi: soksi mpya ya shule ya mwanetu Lugano, aliyoiacha alipokwenda bweni, imevutwa juu ya waya.

7. Mvua

Watu wa Tukuyu hawaulizi kama itanyesha. Huuliza kama imeshaanza.

Stoo ina paa la bati. Niliwasha kondensa ndani ya chumba kitupu, mlango umefungwa, nikavaa hedifoni. Nikasikia mashine ya kusaga ya ng'ambo ya bonde. Nikasikia kuku akitembea nje ya ukuta. Si kulia, kutembea. Nikasikia tumbo langu.

Kila studio niliyowahi kuingia ilikuwa na trei za mayai ukutani. Nilizijaribu. Zinapunguza kidogo mwangwi wa juu. Mvua haziitambui. Nikazitoa, jirani akazirudishia mayai.

Tulijaza magunia pumba za mpunga kutoka Kyela, tukayapanga darini na ukutani, kisha blanketi juu yake. Pumba zina hewa ndani, na sauti ikiingia humo huchoka. Mvua ndogo ilitoweka kabisa. Mvua kubwa haikutoweka. Hapo nilikubali kwamba tutafanya kazi katikati ya mvua na mvua.

8. Yaliyosikika mlangoni, akina mama wa kwaya wakibeba magunia

— Huyu shemeji anapima mpaka pumzi.

— Akimaliza atagonga muhuri. Si ndiyo kazi yake? Mzani ukiwa sawa anaugonga muhuri.

— Mama Lugano, akikugonga utuonyeshe wapi.

— Mtaonyeshwa mkishalipa ada ya ukaguzi.

— Suba, mbona wewe kimya?

— Nimebeba gunia.

9. Asajile

Wimbo unaitwa *Mlango u Wazi*. Ulitungwa na mwalimu wa kwaya, na hakuna harusi wala mazishi hapa kwetu unakokosekana.

*Usiku umekunja mkeka wake,*
*jua limeshika fimbo, laja;*
*inuka, mlango u wazi.*

Noti ya juu kuliko zote ipo kwenye *u*. Kwa sababu ya noti hiyo watu wa sharika nyingine hutufuata. Tusekile huifikia wima, haitafuti. Nimeisikiliza kutoka benchi la tatu tangu kabla hajawa mke wangu.

Alisimama mbele ya soksi ya mwanawe. Nikahesabu kwa vidole. Akaimba.

Mstari wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili safi. Wa tatu, kwenye *u*, alama ya sauti kwenye kioo cha kompyuta ikanywea kama puto.

Nilisimamisha.

— Kuna tatizo? akauliza.

— La kifaa.

10. Tusekile

Alinirudishia nisikilize. Nikasema, huyu ni nani? Nikacheka, kwa sababu kila mtu husema hivyo akijisikia mara ya kwanza.

Kwenye kwaya husikii sauti yako. Una watu kulia, watu kushoto, na mgongo mzima ni watu. Unaweka yako ndani ya yao kama unavyomimina maji yako kwenye pipa la msiba. Hakuna anayeuliza ya ndoo ipi. Humu nilikuwa peke yangu. Nilisikia ulimi ukibanduka. Nilisikia koo likifunga kama mlango wenye bawaba mbovu.

Kwenye *u* nilisikia upepo.

— La kifaa, alisema Baba Lugano.

Nilimwamini. Yeye ndiye anayejua vipimo.

11. Kebo

Nilibadilisha kebo. Nikaipima kwa mita ya umeme, ncha hadi ncha, nikiikunja na kuinyoosha.

Haina kosa.

11. Umeme

Kondensa ikikosa umeme wa kutosha hukata sauti za nguvu. Nikapima. Unatosha.

Hauna kosa.

11. Soksi

Huenda soksi ni nzito. Nikaitoa. Pumzi ikapiga maiki kama ngumi. Noti haikuja.

Haina kosa.

11. Chumba

Magunia mengi mno hunyonya sauti ya juu. Nikayatoa ya ukuta mmoja. Akaimba. Nikayatoa ya ukuta wa pili. Akaimba.

— Baba Lugano, leo nimechoka.

— Mara moja tu.

Akaimba.

11.

Msomaji ameshaona ninapoelekea. Mimi pia niliona. Kila kifaa kilichotoka safi kilisogeza kitu fulani karibu yangu kwa hatua moja, na sikukigeukia. Mkaguzi hageuki. Anafuata utaratibu.

12. Mwongozo wa mtumiaji, kama nilivyoufasiri kwenye karatasi ya kuning'iniza ukutani

Usikiangushe kifaa. Usikilowanishe. Usikipulizie ili kukijaribu.

Kifaa hiki hupokea kwa nguvu zaidi sauti inayotoka mbele.

Kifaa hiki hakitofautishi sauti unayoitaka na usiyoitaka.

Kifaa hiki hakimjui aliye mbele yake. Hakijui ana mtoto bweni. Hakijui watu wamezikwa kwa sauti yake, wameolewa kwa sauti yake. Hakikumbuki alivyoimba mwaka jana ili kumwongezea leo.

Kikiwa hakitumiki, kifunikwe.

13. Asajile

Mzani ukiushuku, uwekee jiwe la uzito unaojulikana. Nilikuwa nalo: ibada ya Pasaka niliyoirekodi kwa simu. Nikaicheza. Simu ni kifaa kibaya sana, lakini kwenye *u* noti ilikuwepo, ndefu, inang'aa. Kwa hiyo sauti ilikuwepo. Kwa hiyo kosa ni la vyombo.

Nikavipeleka vyombo vyote kanisani, siku ya mazoezi. Kondensa mbele ya sauti ya kwanza, kebo zilezile, kadi ileile. Wakaimba.

Noti ikaja.

Nilicheka peke yangu nyuma ya hedifoni. Mwalimu wa kwaya aligeuka kuniangalia. Sikuwahi kufurahia kuona chumba changu kikiwa kibovu, ila siku ile nilifurahi.

Mkaguzi mwaminifu harudii kipimo kwa sababu amelichukia jibu. Lakini pia haachi kukirudia kwa sababu amelipenda. Mazoezi yaliyofuata nikaja na maiki zote mbili. Kondensa nikamsogezea Tusekile karibu, shibiri moja kutoka mdomoni. Dainamiki nikampa anayesimama kushoto kwake, Subilaga wa sauti ya pili, yule Suba wao, ili niwe na kitu cha kulinganisha. Njia mbili, kila mtu na yake.

— Shemeji, leo na mimi nimepimwa? akasema Subilaga. Hakutabasamu.

14.

NJIA YA KWANZA: TUSEKILE

*inuka, mlango*                              *wazi*

NJIA YA PILI: SUBILAGA

*inuka, mlango* u *wazi*

15. Shambani kwa Subilaga, akichuma chai

— Shemeji mwenye mizani. Nilijua utakuja. Sikujua utachelewa hivi.

— Tangu lini?

— Tangu maharage yalipochanua. Alifika pale, nikasikia upepo. Nikaingia.

— Wewe ni sauti ya pili.

— Sauti ya pili inaijua njia ya sauti ya kwanza. Ni kama unakaa nyumba ya chini, unasikia kila hatua ya anayekaa juu. Siku hatua ikikosekana, unapanda kuangalia.

Mikono yake haikusimama. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kapuni.

— Yeye anajua?

— Kwenye kwaya yetu tunabebana. Mtu ana kikohozi, ana mimba, amefiwa juzi, unamwimbia sehemu yake. Mdomo huufungui sana. Na anayebebwa haambiwi. Ukimwambia umeshamshusha.

— Mimi nilikuwa benchi la tatu kila Jumapili.

— Wewe ulikuwa unaangalia saa, mchungaji kapitiliza kwa dakika ngapi.

— Na Pasaka?

— Pasaka nilikuwa mimi.

Nikatazama kilima cha ng'ambo. Ukungu ulikuwa unateremka, na ulikuwa haujafika kwetu. Nilifikiri juu ya neva, na kwamba huenda daktari alikuwa ameshachelewa kuitafuta. Kwamba uvimbe ulishaibana kabla ya kisu chochote. Lilikuwa wazo lenye ushahidi. Nilipenda mawazo yenye ushahidi hadi siku ile.

— Utamwambia? akauliza.

Nikaanza kuifuata njia ya kurudi.

— Shemeji. Hapa hakuna wa kumkamata.

16. Ujumbe kwenye simu

NDUGU MTEJA. MGONJWA WAKO ARIPOTI WODINI JUMATATU BADALA YA TAREHE YA AWALI. NAFASI IMEPATIKANA. ASIVAE HERENI. KUCHA ZISIPAKWE RANGI. AJE NA NDUGU MMOJA WA KIKE WA KUMHUDUMIA.

Sikuuliza nafasi imepatikanaje.

17. Kidole

Wizi wa mzani una njia nyingi. Ya zamani kuliko zote haihitaji ufundi. Muuzaji anazungumza nawe, anakuuliza hali ya nyumbani, na kidole chake kimelala pembeni ya sahani. Hakibonyezi. Kimelala. Uzito wa kidole kilicholala hutosha.

Nimewafungia watu biashara kwa kidole.

Jumamosi, peke yangu stooni, nilichukua *u* ya Subilaga kutoka njia ya pili. Nikaipunguza nguvu. Nikaisogeza chini ya pumzi ya Tusekile hadi zikaanza pamoja na kuisha pamoja. Nikaicheza. Haikuwa na mshono. Ilikuwa ndiyo ile niliyoisikia kutoka benchi la tatu, na sasa nilijua kwamba hata ile haikuwa

Nilitaka alale kwenye meza ya daktari akiwa nayo. Nilitaka, ikitokea ile (c) ya fomu, awe na kitu cha kusikiliza. Nilikuwa na hoja. Kila niliyemfungia biashara alikuwa na hoja.

Nikamwita.

18. Tusekile

Alinivika hedifoni kwa mikono miwili, kama anavyonivika kofia ya pikipiki, na hakunitazama usoni.

*Usiku umekunja mkeka wake.* Mimi huyo. *Jua limeshika fimbo.* Mimi. *Inuka, mlango u*

Ilikuwa nzuri. Haikuwa yangu.

Suba huingia kwenye noti kwa kuinama kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Mimi huingia wima. Nimesimama kuliani kwake tangu tukiwa wasichana. Ningemjua hata akipiga chafya.

Kisha nikazikumbuka Jumapili zote.

Nikaogopa. Kisu nilikuwa nakiogopa tangu mwanzo, na hofu ile nilishaizoea, ilikuwa inakaa na mimi jikoni. Hii ilikuwa nyingine. Kile nilichokuwa naogopa kuchukuliwa, kumbe kilishaondoka bila kuaga, na kwaya nzima iliniona nikifungua mdomo.

— Huyu wa juu ni Suba, nikasema.

Baba Lugano aliutazama mkono wake uliokuwa juu ya kompyuta, kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

Ameniambia habari za mizani miaka yote ya ndoa yetu. Najua wanavyoiba. Najua anavyowaambia akiwakuta.

— Toa kidole, Baba Lugano.

Akakitoa.

Kuku akapita nje ya ukuta. Safari hii nilimsikia hata bila hedifoni. Nikamwambia asiifute ile ya Suba, kwa kuwa Suba alinibeba na hakuna anayefuta mgongo. Ila aiandikie jina lake.

— Sasa nirekodi mimi, nikasema. Ilivyo.

19. Rekodi ya mwisho kabla ya safari

Kondensa. Kebo ya kwanza. Soksi imerudishwa. Magunia yote yamerudishwa. Aliomba aimbe bila hedifoni, nikamruhusu. Mlango umefungwa kwa komeo na shuka chini yake.

Mstari wa kwanza: hakuna kasoro.

Katikati ya mstari wa pili, mvua.

Haikuanza kwa tone. Ilianza yote. Bati likapokea, na kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti ukajaa mweusi toka juu hadi chini. Niliinua mkono kumsimamisha.

Hakusimama.

Aliniangalia machoni, akavuta pumzi. Niliiona ikiingia, mabega yakipanda, uvimbe ukipanda. Akafungua mdomo, wima, kwenye

Faili lipo. Kwa macho huwezi kujua kilicho ndani yake; ni ukuta mmoja mweusi. Inabidi kulisikiliza kwa makini, kutenga mvua na kisicho mvua. Vyombo ninavyo. Ujuzi ninao.

Halijachezwa.

— Imeingia? aliniuliza mvua ilipopungua.

— Imeingia, nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

20. Jumatatu asubuhi, nje ya wodi ya wanawake

TANGAZO. WANAUME HAWARUHUSIWI KUPITA MSTARI HUU NJE YA SAA ZA KUONA WAGONJWA.

Ndugu wa kike wa kumhudumia alikuwa Subilaga. Alikuja na kapu, khanga mbili na mfuko wa mchele. Hawakuwa wameongea tangu lile la stooni. Mlangoni Tusekile alimkabidhi mkoba wake.

— Shika. Si ndiyo kazi yako, kubeba.

— Mzito. Umeweka nini?

— Noti ya juu. Angalia usiidondoshe.

Wakacheka wote wawili kwa namna ambayo mimi sikuwa na mahali pa kusimama ndani yake. Kisha Tusekile akanigeukia. Alikuwa ameshavua hereni. Masikio yake yalionekana madogo.

— Nikiamka, Suba atanishikia simu. Nitakupigia mwenyewe. Unajua nitakachouliza.

— Najua.

— Ukinisikia, jibu.

— Sawa.

— Usiponisikia, jibu vilevile.

21. Benchi la nje, upande wa geti, baada ya upasuaji

Simu ni kifaa kibaya. Hukata sauti za chini na kukata za juu, na zilizobaki huzibana zipite kwenye tundu dogo. Kwa kazi yoyote ya maana nisingeikubali.

Jina lililotokea lilikuwa la Subilaga. Nikapokea. Nikaziba sikio la pili.

Gurudumu la kitoroli linalolia.

Mtu akikohoa, mbali. Si yeye.

Khanga ikisugua kwenye simu. Mtu amesogeza simu karibu na mdomo wa mtu, shibiri moja, labda pungufu.

Pumzi.

Naijua pumzi hiyo. Nimeitazama kwenye kioo, mbele na nyuma, kifaa kwa kifaa. Ilikuwa pumzi ya kuanzia, ile inayoingia kabla ya neno.

Pale getini mlinzi alikuwa anabishana na mwenye pikipiki, na lori lilikuwa linapanda mlima. Nilifumba macho ili nisikie vizuri, ingawa najua macho hayahusiki na kusikia.

Kisha nilijaribu kukumbuka asubuhi ile nyumbani. Shati jeupe. Meza ya pasi. Waya ukutani. Nilikumbuka nikivaa shati. Nilikumbuka nikifunga mlango. Katikati ya hayo mawili hapakuwa na kitu, na sijawahi maishani mwangu kutoa jibu juu ya jambo nisilolipima.

— Nimeizima, nikasema. Mama Lugano, nimeizima.

Na upande wa pili